Aliyerudi Badala ya Nzoghe

Ilianza na unga wa mbao. Avome alirudi kutoka zahanati saa sita mchana, akapitia nyuma ya nyumba kama desturi yake, akaukuta umemwagika kwenye kizingiti cha jiko: unga mwekundu, mbichi, wa mti wa okume uliopasuliwa muda si mrefu. Akatazama huku na huku. Pale kijijini Ebomane hapakuwa na mtu anayepasua mbao, na jirani yake wa karibu alikuwa bibi kizee mwenye macho mabovu ambaye hata panga hashiki. Avome akachukua ufagio, akaufagia unga ule hadi kwenye migomba, akaingia kupika.

Kesho yake, saa ileile, aliukuta tena. Safari hii ulikuwa umekanyagwa. Palikuwa na alama ya mguu mmoja mtupu, mguu wa kulia, vidole vikielekea ndani. Alama ya kutoka haikuwepo.

Mtu mwingine angepiga yowe. Avome alichutama palepale, akaupima unyayo ule kwa kiganja chake polepole. Alikuwa na mwana aliyekuwa akipasua mbao, na mwana huyo alikuwa amepotea miaka mitatu.

Jina lake Nzoghe. Hakuwa na mwingine. Baba yake alifariki mtoto hajaota meno, na Avome, mkunga wa zahanati, akamlea peke yake kwa kazi ya kupokea watoto wa wenzake. Nzoghe alipopata nguvu alikwenda kambi ya magogo, msituni, mwendo wa kutwa nzima kwa lori, akashika msumeno wa injini. Alikuwa akirudi kila mwisho wa mwezi. Halafu Alhamisi moja aliingia msituni, hakutoka. Walimtafuta siku nne. Kambi ikamletea mama buti, mkoba na barua ya mistari mitano. Wako waliosema mto umemchukua, wako waliosema tembo. Wazee wa ukoo walikutana, wakanywa, wakaamua kwamba hawawezi kumlilia mtu ambaye hawajaona hata ukucha wake.

Basi hapakuwa na matanga. Avome hakunyoa nywele, hakuvaa nguo za msiba, hakuna aliyekuja kulala kwake kumliwaza. Mfiwa hukaliwa na watu. Yeye hakuwa mfiwa, na wala hakuwa mama mwenye mwana. Wenzake walimwamkia wakapita upesi, kana kwamba jambo lake lilikuwa upele unaoambukiza. Miaka mitatu alikula peke yake kwenye benchi la mianzi jikoni, akizungumza na sufuria.

Ndiyo sababu, siku chache kabla ya kuukuta ule unga, alikwenda hekaluni kwa watu wa Bwiti, wale wanaokula eboga ili waone wafu wao. Alikwenda alasiri moja, akamkuta kiongozi wao, mzee Metogo, akikaza nyuzi za kinubi.

"Mama Avome," Metogo alisema bila kuinua macho. "Si wewe ndiye uliyekuwa ukituita walevi wa mizizi?"

"Nilisema."

"Na kwamba ngoma zetu zinawanyima wagonjwa usingizi."

"Hilo nalisema hata leo, baba. Lakini nataka kujua mwanangu yuko wapi."

Mzee akaweka kinubi chini. "Eboga haina adabu ya kukubembeleza. Ukimkuta huko ng'ambo, amekufa. Utamlilia, na sisi tutalia nawe. Usipomkuta, basi anatembea juu ya ardhi hii. Kazi yake ni hiyo. Usiitume nyingine."

"Sitaituma."

"Kabla ya kula, mtu hutapika yaliyomo moyoni. Kuna neno lolote kati yako na mwanao?"

Avome akatazama mikono yake. "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mama na mtoto wake, baba. Kutakuwa na neno gani?"

Walimwogesha mtoni, wakampaka udongo mweupe, wakamlisha maganda ya mzizi ule kijiko kwa kijiko, machungu kuliko mwarobaini, hadi midomo ikafa ganzi na masikio yakajaa nyuki. Watu arobaini walimwimbia. Mwanamke mmoja aliketi nyuma yake usiku kucha akimshika mabega asianguke. Na Avome akaondoka, mwili ukabaki. Alipita njia nyekundu yenye umande, akamkuta baba yake akisuka tenga, akamkuta bibi yake mzaa mama, akawakuta hata watoto wachanga waliomfia mikononi zahanati, wamekaa safu wakimtazama bila lawama. Aliuliza kwa kila mmoja: Nzoghe yuko wapi? Bibi yake akamjibu kwa ukali, kama mtu anayefukuza kuku: "Huku hayupo. Hajafika. Rudi ukatazame nyumbani kwako ulichokivunja."

Alipozinduka siku ya pili aliwaambia sehemu ya kwanza tu ya maneno yale. Hekalu zima likapiga makofi. Nzoghe yuko hai!

Mihindou, muuguzi mkuu wa zahanati, Mpunu kutoka kusini na mtu wa vitabu, hakupiga makofi. Alimpima mapigo ya moyo, akatikisa kichwa.

"Dada Avome, moyo wako unachechemea kama mbuzi aliyevunjika mguu. Ule mzizi ni sumu. Unauchokoza ubongo, ubongo nao unakuonyesha ulichokiweka humo mwenyewe."

"Niliona watu nisiowajua."

"Hata ndotoni mimi huona watu nisiowajua. Mmoja aliwahi kunidai mbuzi."

Avome akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Lakini ndani ya fundo la kitambaa chake cha kichwa alikuwa ameficha ganda la mzizi, refu kama kidole, alilolichukua hekaluni wakati watu wanacheza. Hakujua kwa nini alilichukua. Au alijua.

Siku ya tatu baada ya kurudi ndipo alipoukuta ule unga, na siku ya nne ule unyayo.

Siku ya tano, alipokuwa akimenya ndizi, alisikia benchi likilia nyuma yake, mlio wa mianzi inapopokea uzito wa mtu mzima. Hakugeuka. Jiko zima lilijaa harufu ya mbao mbichi, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine hafifu, kama maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya shina la mti. Mchana ule ulikuwa mweupe, hakuna upepo, hata kuku wamenyamaza.

"Mama," sauti ilisema. "Nina njaa."

Kisu kikamwanguka. Akageuka. Benchi lilikuwa tupu, ila mianzi ilikuwa imebonyea katikati.

Avome alisimama hapo, hajui kama ni hofu au furaha iliyomshika. Kisha akapandisha mkono kichwani, akafungua fundo la kitambaa, akavunja kipande cha ganda, akatafuna. Uchungu ukamshika ulimi. Akasubiri. Na mahali palipobonyea pakaanza kujaa, magoti kwanza, kisha mikono juu ya magoti, kisha shati la mistari ya kijani, lile alilopigia picha siku ya kwenda kambini. Mwisho ukaja uso.

"Umekonda, mama," Nzoghe alisema, akatabasamu.

Alimpakulia karanga za kusaga zilizopikwa ndani ya majani, chakula alichokipenda tangu utoto, na muhogo na samaki wa moshi. Alikula kwa adabu. Lakini alipoondoka, chakula kilikuwa bado kipo sahanini, kimebadilika rangi tu, kimekuwa kijivu, na jogoo aliyetupiwa alikinusa akarudi nyuma.

Akawa anakuja kila mchana jua likiwa la utosi. Avome alimuuliza alikokuwa, naye akajibu, "Mbali, mama, lakini nimerudi, usiulize." Alimuuliza kama anakumbuka homa aliyougua akiwa na miaka sita, alikumbuka, na jina la dawa akalitaja. Alikumbuka wimbo wa kumbembelezea. Alikumbuka hata ndoto ambazo Avome hajawahi kumsimulia mtu. "Mtu gani mwingine angejua haya?" Avome alijiambia, akicheka na kulia pamoja. Na kila mara kijana yule alisema maneno ambayo alikuwa amekaa miaka mitatu akiyasubiri: kwamba hakuna mama kama yeye, kwamba hatamwacha tena, kwamba dunia nzima ni wao wawili.

"Usimwambie mtu," alisema. "Watanifukuza."

"Nitamwambia nani, mwanangu? Nina nani mimi?"

"Hata kazini usiende kila siku. Wanakucheka huko."

Ganda lilipokwisha, alikwenda kuchimba mwenyewe mzizi wa eboga nyuma ya hekalu, kama mwizi. Alitafuna asubuhi ili amwone mchana. Baadaye alitafuna mchana ili asipotee jioni. Akaacha kula, kwa kuwa kila alichopika kiligeuka kijivu. Nguo zikamlegea. Na kadiri alivyokonda ndivyo Nzoghe alivyonawiri, mashavu yakajaa, sauti ikawa nzito, ingawa macho yake hayakupepesa, hata moshi wa kuni ulipomfuka usoni, wala hakuwahi kumgeuzia mgongo. Aliingia akitazama mbele na kutoka akirudi kinyumenyume, tabasamu likiwa palepale. Avome aliliona hilo, akaamua kutoliona.

Siku moja akaja mtu mbio kutoka zahanati: mwanamke ana uchungu, mtoto amekaa vibaya, mkunga anaitwa. Avome akainuka. Nzoghe akamwambia polepole kutoka kwenye benchi, "Ukienda, ukirudi hutanikuta." Avome akasimama mlangoni, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani, akimsikia yule mtu akiita na kuita kule mbele ya nyumba, "Mama Avome! Mama Avome, jamani!" na akajua kuna mama anayelia ambaye mikono yake ingemsaidia, mikono iliyogeuza watoto wengi kuliko nywele za kichwa chake, lakini benchi lilikuwa limeanza kuinuka, mianzi ikinyooka taratibu kama mtu anayejiandaa kuondoka, na ile miaka mitatu ikamrudia yote kwa pamoja, sufuria na ukimya na salamu za haraka, akarudisha mguu ndani, akafunga mlango.

Mihindou alimzalisha yule mwanamke peke yake, mkono mmoja ukishika kitabu. Mtoto alipona kwa kudra tu. Kesho yake mchana alikwenda kwa Avome, amekasirika, akapita nyuma ya nyumba. Alimkuta ameketi sakafuni, mifupa mitupu, akizungumza kwa mahaba na benchi.

"Dada Avome."

"Nyamaza kidogo, anakula."

Mihindou akafungua mdomo kumkemea. Hapo ndipo alipohisi kitu laini chini ya viatu. Akatazama: alikuwa amesimama juu ya unga wa mbao mwekundu, mbichi, na mbele ya macho yake, hakuna mtu, unyayo mmoja ukajichora, kisha mwingine, ukija upande wake. Yule mtu wa vitabu alirudi nyuma hadi migombani, akageuka, akakimbia barabara nzima hadi hekaluni akiwa na koti lake jeupe la kazi.

"Mzee Metogo," alisema akihema, "mimi siamini mambo yenu."

"Karibu. Na kilichokuleta mbio ni kutoamini?"

"Kuna kitu jikoni kwa Avome. Mmempa mzizi, mzizi umeleta kitu. Njoo ukiondoe, halafu tutagombana baadaye."

Metogo alisikiliza habari yote, uso ukazidi kukunjamana. "Hapa alikula na watu arobaini wakimwimbia, na mtu wa kumshika mabega. Kule anakula peke yake, na hakuna wa kumuuliza ameona nini." Akasimama. "Mwanawe alikuwa na rafiki kambini?"

Alikuwa naye: Essono, dereva wa lori la magogo, ambaye siku hizo alikuwa nyumbani kwao kijiji cha jirani. Mihindou alimfuata kwa pikipiki. Essono aliposikia anaitwa kwa mama Nzoghe alisema ana kazi, akasema anaumwa. Metogo akamvuta kando chini ya paa la hekalu, wakanong'onezana muda mrefu. Essono alitoka pale amelowa machozi.

Mchana uliofuata wote watatu waliingia jikoni kwa Avome. Harufu ya mbao iliwakaba koo. Avome alikuwa sakafuni, mdomo mchafu kwa mzizi.

"Tokeni," alisema. "Mtamtisha."

Metogo akachutama mbele yake, akamwambia kwa sauti ya chini, kama anayesema na mtoto mgonjwa, "Binti yangu, sikukatazi. Anakula hapa?"

"Yupo hapo. Hamumwoni?"

"Simwoni. Anajua mambo?"

"Yote! Anajua mambo ambayo hakuna anayeyajua ila mimi."

"Ndilo ninaloogopa. Kila anachokijua, wewe unakijua. Sasa muulize usichokijua wewe. Essono huyu ndiye aliyekuwa na Nzoghe Alhamisi ile, wa mwisho kumwona. Nzoghe alimwambia neno. Essono ameninong'oneza mimi, basi. Muulize mwanao: alimwambia Essono nini?"

Avome akageukia benchi. "Nzoghe, baba. Ulimwambia nini mwenzako siku ile?"

Wanaume watatu hawakusikia kitu. Yeye alisikia, na uso wake ukang'aa. "Anasema... anasema alimwambia, 'Nikimaliza kazi hii narudi kwa mama yangu, sitaondoka tena. Hakuna ninayempenda kama yeye.'"

Metogo akamtazama Essono. "Sema."

"Mzee, niliapa."

"Sema, kijana. Mama huyu analiwa."

Essono akapiga magoti, akazungumza akiitazama sakafu. "Mama, nisamehe. Nzoghe hakufa. Alipanda gari la mizigo hadi mpakani, akavuka kwenda mji wa Bata, kwa mkewe Oyane. Alisema hivi: 'Nikibaki hapa nitazeeka niko mgongoni kwa mama. Alimfukuza mke wangu mimi nikiwa kazini, akamtupia nguo zake barabarani kwenye mvua, tumbo kubwa vile, kisha akaniambia mimi kwamba Oyane ametoroka na mwanamume. Mwache adhani nimekufa. Akinililia atakoma.'"

Mihindou alimtazama Avome, akingoja akane. Hakukana. Neno alilolimeza hekaluni sasa lilikuwa katikati ya jiko, na kila mtu alilisikia.

"Mwongo!" Avome alisema, lakini kwa sauti ndogo, na mara akaona kwamba yule aliyekaa kwenye benchi bado anatabasamu, tabasamu lilelile la picha, halijapungua wala kuongezeka, mbele ya habari ile ambayo ingemwinua mwana yeyote wa kweli kwa hasira au kwa aibu, na midomo yake ikaendelea kusema, hakuna mama kama wewe, hakuna mama kama wewe, haraka zaidi na zaidi hadi maneno yakawa mlio mmoja wa msumeno unaotafuna gogo, na mlio huo wote waliusikia sasa, Mihindou akaziba masikio, masufuria yakatikisika vigingini, unga mwekundu ukaanza kumwagika kutoka darini kama mvua.

"Mkatae!" Metogo alipiga kelele. "Mimi siwezi. Aliingia kwa uongo wako, atatoka kwa mdomo wako!"

Avome akasimama kwa kushika ukuta. Alimtazama mwana yule aliyekuja kila mchana, aliyesema kila alichotaka kusikia.

"Wewe si mwanangu," alisema. "Mwanangu alinikimbia." Akavuta pumzi. "Nilimfukuza mkewe kwa mikono yangu. Mwanangu hanipendi. Yuko Bata, na hanipendi."

Na yule wa benchini, kwa mara ya kwanza, akamgeuzia mgongo ili atoke. Avome peke yake ndiye aliyeuona, na hakuwahi kuusimulia wote. Alisema tu kwamba mgongo haukuwepo, palikuwa na uwazi kama gogo lililoliwa na mchwa, na ndani ya uwazi ule maji meusi yaliyotulia, na juu ya maji yale aliuona uso wake mwenyewe.

Mlango ukajibamiza. Unga ukaacha kumwagika. Nje, kuku wakaanza kulia.

Walimchukua, wakamweka hekaluni wiki mbili. Metogo alikusanya na kuchoma kila kipande cha mzizi alichokikuta jikoni. Jioni moja Mihindou alikuja kupima moyo wa Avome, akakaa na mzee barazani, wakagombana kama walivyoahidiana.

"Kwa hiyo mzizi wako unasema kweli au unadanganya?" Mihindou aliuliza. "Mara ya kwanza ulimwambia mwana hajafa, na kumbe hajafa. Mara ya pili ukamletea shetani."

"Mara ya kwanza ulimwambia pia akatazame alichokivunja. Yeye akatuficha."

"Ulijuaje hilo?"

"Amenieleza jana. Mizizi ni ileile, muuguzi. Wewe una sindano zahanati. Sindano ni kweli au uongo?"

Mihindou akafikiri. "Bado nasema ni sumu."

"Na mimi sijakataa," Metogo alisema.

Avome alirudi kazini. Aliwaomba radhi mama yule na mtoto wake. Alimpa Essono ujumbe wa kupeleka Bata: kwamba anajua, kwamba alikosa, kwamba anamwomba Oyane msamaha kwa magoti, na hataki chochote zaidi ya kusikia sauti. Kisha akasubiri. Mwezi ukapita, na wa pili. Watu, kwa kuwa sasa ilijulikana kwamba mwana yu hai na kwa nini aliondoka, waliacha hata zile salamu za haraka. Wanawake wajawazito wa kijiji walianza kwenda kujifungulia mjini Oyem.

Simu ilipigwa siku ya Jumapili, mchana. Namba ndefu ya nje. Avome alikuwa jikoni. Alifuta mikono, akapokea, akasikia magari, na mtu akihema.

"Mama." Sauti ilikuwa nene, imekwaruza, imechanganyika na lafudhi ya watu wa kule. Haikuwa tamu hata kidogo. Avome aliitambua hapohapo.

"Nzoghe. Mwanangu. Umekula?"

"Usiniulize kama nimekula. Essono amenifikishia. Oyane amesikia."

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mama. Baada ya ile mvua. Hakukaa." Pumzi ikakatika, ikarudi. "Wewe ni mkunga. Wewe ungeweza kumwokoa."

Avome akaketi kwenye benchi la mianzi.

"Usije huku. Na usinitumie watu. Niko hai, umenisikia, basi."

Simu ikakatika. Avome aliendelea kuishikilia sikioni, akisikiliza pale ambapo hapakuwa na kitu tena. Nje jua lilikuwa limesimama wima. Barabara ilikuwa tupu. Watu wote walikuwa majumbani mwao wakila na jamaa zao, na vicheko vya nyumba ya tatu vilimfikia vizuri sana. Hakuwa na mzizi wowote, hata unyuzi. Alikuwa hajatafuna kitu tangu siku ile, na kichwa chake kilikuwa safi kama maji ya kisima.

"Mama," sauti ilisema kutoka mlango wa nyuma, laini, changa, yenye huruma yote ya dunia. "Usilie, mama. Nimekuja."

Alijua. Alijua kama anavyolijua jina lake kwamba yule hakuwa mwanawe, na kwamba nyuma ya lile shati la mistari ya kijani hapakuwa na mgongo. Jina la Metogo lilimjia mdomoni. Hekalu lilikuwa mwendo wa dakika kumi, na mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Avome akaweka simu chini. Akajifuta uso kwa upindo wa nguo. Kisha, bila kugeuka, akasogea kidogo pembeni kwenye benchi la mianzi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.